Dakika Kumi za Mzazi

Katika mambo ambayo wazazi wa zama zetu huyatamani kwa watoto wao, hapana linalotajwa mara nyingi kuliko elimu. Na katika mambo ambayo huyaacha mikononi mwa watu wengine, hapana linaloachwa kwa wepesi kuliko elimu hiyo hiyo. Mzazi mwenye uwezo hulipa karo, hununua sare na madaftari, hutafuta gari la kumpeleka mwanawe shuleni na mwalimu wa twisheni wa jioni, kisha hujiona ametimiza faradhi yake yote. Naye mzazi asiye na uwezo, ambaye alikaa darasani miaka michache tu au hakukaa kabisa, hujiambia kwamba mambo ya vitabu si yake, kwamba kazi yake ni kumlisha mtoto na kumvika, na yaliyosalia ni ya mwalimu. Wazazi hawa wawili, mmoja kwa fedha yake na mwingine kwa unyonge wake, wamefika mahali pamoja, maana wote wamejiuzulu. Makala haya yataka kuwaambia, kwa heshima wanayostahili, kwamba iko kazi inayowangoja nyumbani ambayo haihitaji fedha ya yule wala haizuiwi na unyonge wa huyu. Nayo ni kazi ya kumsikiliza mtoto na kumwuliza.

Hesabu ya saa na hesabu ya nafasi

Yafaa tuanze kwa hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Mwaka mmoja una saa 8,760. Tukikadiria kwamba shule hufunguliwa siku 200 kwa mwaka, na kwamba mtoto wa shule ya msingi hukaa darasani saa sita kila siku ya masomo, jumla ya saa zake mbele ya mwalimu ni 1,200. Mpe saa kumi za usingizi kila usiku, nazo kwa mwaka ni 3,650. Bado zabaki saa 3,910 ambazo mtoto yu macho, yuasikia, yuaona na yuauliza, wala hayuko shuleni. Saa hizo, zipitazo mara tatu ya saa za darasani, ni za nyumba, za uani, za mtaani, za shambani na za ufukweni. Na kwa kuwa mtoto hujifunza kila awapo macho, hapana haja ya kuuliza kama hujifunza nje ya shule au hajifunzi. Lililo la kuuliza ni kwamba hujifunza nini, na kwa nani.

Hesabu ya pili ni ya nafasi. Serikali zetu zimetenda jambo kubwa lenye kustahili shukrani. Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964. Kenya ilifuta karo ya shule za msingi Januari 2003, na katika mwaka huo mmoja idadi ya wanafunzi ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi takriban milioni 7.2; Tanzania Bara nayo ilifuta ada ya shule za msingi mwanzoni mwa karne hii, kisha mwaka 2016 ikaendeleza msamaha huo hadi Kidato cha Nne. Watoto waliokuwa wakichunga mbuzi na kuuza karanga barabarani waliingia madarasani, na hiyo ni neema isiyo shaka. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa kadiri ya watoto, wala walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwalimu mwenye wanafunzi 80 na kipindi cha dakika 40, hata awe hodari kupita wenzake wote, hata asipoteze nukta moja kwa kuandika ubaoni au kunyamazisha makelele, ana nusu dakika tu kwa kila mtoto. Katika nusu dakika hiyo hawezi kumsikiliza akisoma ukurasa mzima, wala hawezi kumdadisi mpaka ajue ni wapi alipokwama.

Sasa mpime mzazi anayemketisha mwanawe kando yake kwa dakika kumi jioni. Amempa katika kikao hicho kimoja usikivu ambao mwalimu yule angehitaji vipindi 20 kumpa. Akidumu na desturi hiyo mwaka mzima atakuwa amempa dakika 3,650, yaani saa 60 na ushei. Na katika darasa letu la watoto 80, lenye vipindi vinane kwa siku, mtoto angelazimika kungoja zaidi ya miaka minne ili akusanye nusu dakika zake zifike kiasi hicho. Huu ndio msingi wa maneno yote yatakayofuata. Mzazi hashindani na mwalimu kwa ujuzi wa hesabu au wa sayansi, na mara nyingi angeshindwa kama angejaribu; kitu alicho nacho yeye, na ambacho mwalimu amenyimwa na wingi wa watoto, ni nafasi ya kumsikiliza mtoto mmoja.

Desturi ya wazee wa mwambao

Asidhani mtu kwamba fikra hii ni ngeni, iliyoletwa juzi na wataalamu. Mwambao wetu una desturi ndefu ya kusomesha nyumbani, na baadhi ya matunda yake yangali mikononi mwetu. Mwana Kupona binti Mshamu, bibi wa Pate, alipokuwa mgonjwa kiasi cha mwaka 1858, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia ambao husomwa hata leo. Sheikh Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani karibu na Tanga, naye hakuridhika kuwaachia wengine malezi ya akili za watoto wake, bali alimtungia bintiye Mwanjaa utenzi wa Hati, na mwanawe Hussein utenzi wa Adili. Zama zimebadilika, na yako katika mausia ya namna hiyo mambo ambayo msichana au mvulana wa leo atayapima upya. Lakini kitendo chenyewe, cha mzazi kukaa chini na kuipa akili ya mwanawe kitu kilichotengenezwa kwa ajili yake peke yake, hakijapitwa na wakati.

Wala desturi hiyo haikuwa ya washairi pekee. Mtoto wa chuoni, yaani madrasa ya Kurani, alipewa sehemu yake ya kuhifadhi, akarudi nyumbani kuidurusu mbele ya mama, au bibi, au ami yake. Nao, ambao wengine kati yao hawakujua kushika kalamu, walimtegea sikio, na aliposita au kuruka mahali walimrudisha nyuma aanze tena. Usiku ulipoingia zilikuja ngano na vitendawili, na watu wengi hudhani kuwa hivyo vilikuwa vya kupitisha muda tu. Tazama lakini kazi inayofanyika akilini mwa mtoto aliyetegewa “kuku wangu katagia miibani.” Hana budi kuacha kuku halisi, atafute kitu kingine chochote duniani kilichokaa katikati ya miiba kama yai lililofichwa, apitishe mbele ya macho yake miti na matunda yote ayajuayo, akatae hili na lile kwa sababu, mpaka afike kwenye nanasi. Kulinganisha vitu viwili visivyofanana kwa sura, na kukitambua kile vinachoshiriki, ndiyo kazi atakayotakiwa aifanye baadaye katika hesabu, katika sayansi na katika ushairi. Mtoto aliyelelewa na ngano, kadhalika, huingia darasani akijua kwamba jambo lina mwanzo, lina sababu, na lina hatima. Mwalimu akimwambia aandike insha, umbo lake tayari analo.

Jioni ya muuza maandazi

Namjua mama mmoja wa Tanga, muuza maandazi, ambaye elimu yake ya kuandika haizidi kuandika jina lake. Kila jioni hukanda unga wa kesho alfajiri, na wakati huo binti yake wa Darasa la Tatu hukaa mkekani na kitabu cha shule akisoma kwa sauti. Mama hatazami kitabu, maana mikono yake imo katika sinia la unga. Atumiayo ni masikio. Siku niliyokuwapo mtoto alisoma hadithi ya wanyama waliochimba kisima wakati wa ukame, akaja kwenye neno “ng'ombe” akalisoma kama kwamba ritifaa haipo, kwa sauti ile ya “ngoma.”

“Nani huyo, mwanangu?” akauliza mama. “Mnyama huyo hatumjui hapa kwetu.”

Mtoto akarudi, akaiona ile alama, akalisoma neno sawasawa, akaendelea mpaka mwisho bila kukwama tena. Mtu mwingine angemsifu na kumwachia akacheze. Mama yule akaongeza unga kidogo, akasema, “Haya, sungura amekataa kuchimba. Kwa nini amekataa?” Mtoto alinyamaza, maana macho yake yalikuwa yamepita juu ya maneno yote na akili yake haikushika hata moja. Akafungua tena ukurasa, akautafuta mstari kwa kidole. “Mama, hapa hapakusemwa.” “Basi wewe wadhani kwa nini?” “Mvivu.” “Mvivu, au mjanja?” Hapo likazuka jambo: binti akatetea kwamba ni mvivu, mama akamtaka aonyeshe ni wapi katika hadithi uvivu ule unaonekana, binti akasoma tena mistari miwili mitatu, akabadili kauli, akasema kwamba sungura alijua toka mwanzo kuwa atakuja kuiba maji. Unga ulipokuwa tayari kufunikwa, mazungumzo nayo yalikuwa yamekwisha.

Ningependa kila mzazi ayatafakari yaliyotendeka pale. Kiswahili ni lugha yenye tahajia nyepesi: irabu zake ni tano, silabi zake husomwa kama ziandikwavyo, na mtoto akishazijua ba, be, bi, bo, bu, na zile za mb na nd na ng', aweza kulisoma karibu kila neno lililo mbele yake, hata asilolijua maana. Wepesi huu ni baraka, lakini una hatari yake ndani: mtoto aweza kusoma gazeti zima kwa ufasaha wa kushangaza bila kuelewa chochote, na katika darasa la watoto 80 akapita kuwa msomaji hodari. Hapana kipimo kinachofichua hali hiyo upesi kuliko swali la mtu anayetaka kweli kujua hadithi imekwendaje. Mama asiyejua kusoma ana faida hapa juu ya msomi, maana yeye anamwuliza mtoto kwa sababu hajui, na mtoto analiona hilo, akajitahidi kumweleza.

Maswali yenyewe si mengi wala si magumu. Nani? Kwa nini? Umejuaje? Wewe wadhani itakuwaje mbele? Lau ungekuwa wewe, ungefanyaje? Mzazi anayejua kusoma naye ana la kuongeza: amsomee mtoto kabla ya kulala hata baada ya mtoto kujua kusoma mwenyewe, na ajionyeshe akisoma, liwe gazeti, kitabu cha dini au karatasi iliyomo katika paketi ya dawa. Vitabu vikiwa haba, kimoja kilichosomwa mara kumi hakijapoteza kitu, maana mtoto hupenda kurudia, na kila akirudia huona lililompita kwanza. Aliye mjini asisahau maktaba za umma. Maktaba Kuu ya Taifa ya Dar es Salaam imekuwa wazi tangu mwaka 1967, na watoto wana sehemu yao humo.

Hesabu iliyomo jikoni na sokoni

Lililosemwa juu ya kusoma ni kweli vilevile juu ya hesabu, ambayo wazazi wengi huiogopa kwa sababu waliiogopa walipokuwa watoto. Mzazi anayepima mchele jikoni ana mkononi somo zima la sehemu. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mtoto aliyepima kwa mikono yake mwenyewe, akaona kwamba pishi imetoka katika vibaba vinne, amekutana na nusu na robo kabla hazijaandikwa ubaoni, naye atakapoziona zimeandikwa atazijua kwa sura. Nyumba inayopima kwa kilo ina nusu kilo na robo kilo, na mafunzo ni yale yale.

Mtoto anapotumwa gengeni, asipewe fedha na orodha tu. Aulizwe kabla hajatoka: “Nakupa shilingi 5,000, nyanya za 1,500, na sukari ya 1,000, utanirudishia ngapi?” Akisema 2,500 aende, akisema jingine asikaripiwe, bali aambiwe aeleze amelipataje, kwa maana katika kueleza aghalabu huligundua kosa mwenyewe, na kosa lililogunduliwa na mwenyewe halirudi kwa urahisi. Mdogo wake, ambaye bado anajifunza kuhesabu, apewe kunde azipange mafungu ya kumi kumi. Atasikia wazi kwamba kumi na moja ni fungu moja na punje moja. Lakini ishirini, thelathini na arobaini hazimwambii kitu kwa sauti zake, na asipoziona kwa macho kuwa ni mafungu mawili, matatu na manne, atazihifadhi kama majina matupu.

Saa ya ukutani nayo ni mwalimu. Mkono wake mfupi unaelekea 7, nasi twasema ni saa moja, mtoto wa Kiswahili sharti ajue kuvuka tofauti hiyo ya saa sita huku na huku, na aulizwaye kila siku “saa ngapi sasa?” huivuka bila taabu. Na palipo na ubao wa bao, wenye mistari minne ya mashimo manane na kete 64, babu asimfukuze mjukuu anayechungulia. Mchezaji mzuri huhesabu kwa macho kete zitaishia shimo gani kabla hajazigusa. Huko ni kuhesabu na kubashiri kwa pamoja, na mtoto huliweza jambo hilo akifundishwa mapema.

Ushahidi wa mwaka 2020

Ikiwa bado yupo anayeshuku kwamba mzazi wa kawaida aweza kuongeza kitu, na akumbuke mwaka 2020. Mwezi Machi shule za nchi zetu zilifungwa kwa ajili ya korona. Za Tanzania zikafunguliwa tena kabla ya Juni kwisha, wanafunzi wengi wa Kenya wakangoja hadi Januari 2021, na wa Uganda, wengine wao, wakakaa nyumbani hadi Januari 2022. Huko Botswana wachunguzi walizifuata familia 4,500 hivi. Baadhi zilipelekewa kila wiki ujumbe mfupi wa simu wenye mafumbo ya hesabu. Baadhi zilipata ujumbe huo pamoja na simu ya mwalimu ya dakika 15 hadi 20, akizungumza na mzazi na mtoto pamoja. Na nyingine hazikupata kitu, ili zilinganishwe. Ilipopita miezi kadhaa, watoto waliopigiwa simu walikuwa wamepiga hatua ya wazi katika kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, ilhali ujumbe peke yake ulileta tofauti ndogo sana. Jaribio hilo lilirudiwa katika nchi nyingine tano, zikiwamo Kenya na Uganda, na faida ya simu ikaonekana huko pia.

Mafunzo yake kwetu ni bayana. Karatasi ya maswali ikimfikia mtoto pasipo mtu wa kuizungumza naye, huzaa kidogo. Ikifika pamoja na sauti ya mtu mzima na mzazi aliyeketi kando, huzaa, hata kama mazungumzo ni ya nusu saa isiyotimia katika wiki nzima. Wala wazazi wale hawakuchaguliwa kwa usomi wao.

Daftari la kazi ya nyumbani

Ziko adabu chache zifaazo kushikwa mtoto anapofungua daftari lake jioni. Ya kwanza ni wakati na mahali. Wakati uwe mmoja kila siku, mahali pawe na mwanga, na redio, televisheni na simu zinyamazishwe kwa muda huo, simu ya baba ikiwamo. Si lazima iwe meza. Mkeka na taa njema vyatosha. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili ahitaji usingizi wa saa tisa hadi kumi na mbili, kwa hiyo kumkesheza juu ya vitabu hadi usiku wa manane, kisha kumwamsha alfajiri awahi gari la shule, ni kumnyang'anya kwa mkono mmoja tulichompa kwa mwingine.

Ya pili ni kutomfanyia. Tangu Kenya ianze kutekeleza mtaala wa umilisi mwaka 2019, wazazi wengi wamejikuta wakitafuta vifaa usiku na kutengeneza kwa mikono yao vitu walivyoagizwa watoto, ili asubuhi mtoto asiaibike. Na malalamiko yao juu ya gharama yana haki, maana kazi ya nyumbani ingefaa itumie vitu vilivyomo nyumbani. Hata hivyo kazi iliyofanywa na mzazi humwambia mwalimu uongo juu ya mtoto. Ni bora mtoto apeleke kitu kibovu cha mkono wake, mwalimu aone alipofika, kuliko kizuri cha mkono wa baba. Akikwama, aulizwe: swali lataka nini? Wewe wajua nini tayari? Mfano wa jana mliufanyaje? Maswali hayo matatu yaweza kuulizwa na mtu yeyote, hata asiyelijua jibu.

Ya tatu ni kudurusu kidogo kidogo. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus, baada ya kujipima mwenyewe kwa subira kubwa, alionyesha kwamba lililojifunzwa husahaulika kwa kasi kuu katika saa za mwanzo, kisha kasi hupungua, na kwamba kurudia kulikogawanywa katika siku mbalimbali hushika kuliko kurudia kwingi kwa mkupuo. Wazee wa chuoni walilijua hilo kwa uzoefu. Basi mtoto aeleze leo alichofundishwa leo, akikumbuke kesho kwa maneno machache, akirudie wiki ijayo. Dakika hizo chache zitashinda usiku mmoja wa fazaa kabla ya mtihani.

Ya nne ni kuondoa hofu. Wako wazazi ambao hukaa na mtoto huku fimbo iko kando, na kila kosa lina kofi lake. Mtoto wa namna hiyo hulitazama jicho la baba badala ya kuitazama hesabu. Hujifunza kubahatisha jibu litakalomwokoa, na siku akiwa mkubwa kiasi cha kutopigwa huviacha vitabu, kwa kuwa tangu hapo havikuwa vyake. Mzazi akiona hasira inapanda, afunge daftari, aseme tutaendelea kesho, hakijaharibika kitu.

Ya tano, ambayo katika nyumba zetu haitajwi inavyopasa, ni haki ya msichana. Kaka na dada hurudi shuleni pamoja, lakini aghalabu dada huteka maji, huosha vyombo, humbeba mdogo wao na kuwasha moto, na anapofungua daftari amekwisha kuchoka, ilhali kaka amekwisha kumaliza na kucheza. Kisha matokeo yakija, husemwa kwamba huyu ana akili kuliko yule. Kazi za nyumba ni malezi mema kwa wote wawili, na zigawanywe kwa wote wawili.

Lugha ya kufikiria

Jambo jingine huwapa wazazi wahaka. Tanzania Bara watoto husoma kwa Kiswahili katika shule nyingi za msingi za serikali, kisha Kidato cha Kwanza hukutana na Kiingereza katika karibu masomo yote. Kwa kuuogopa mkutano huo, wako wazazi ambao hukataza lugha zao nyumbani, wakazungumza na watoto Kiingereza wasichokimudu, kwa sentensi fupi fupi za amri na makatazo. Nia yao ni njema, lakini hasara ni kubwa. Mtoto anayeambiwa tu kaa, njoo, kula, nyamaza, kwa lugha yoyote ile, hanufaiki na lugha hiyo. Mzazi na azungumze na mwanawe kwa lugha ile ambayo kwayo yeye mwenyewe hufikiria, hutania, husimulia na kubishana bila kutafuta neno, kiwe Kiswahili, Kidigo, Kisukuma au Kikamba. Mtoto aliyeweza kueleza kwa lugha hiyo kwa nini mvua hunyesha, au kwa nini jahazi hungoja pepo za kusi, ana fikra kamili. Lugha ya shule itamdai msamiati mpya, jambo ambalo ni jepesi kuliko kumdai fikra ambayo hakupata kuijenga.

Shule nayo iufungue mlango

Haitakuwa insafu kuwatwika wazazi peke yao. Mzazi aliyeitwa shuleni kwa miaka mingi kwa ajili ya michango na makosa tu huuogopa mlango wa ofisi ya mwalimu, na hofu hiyo haiondoki kwa hotuba. Shule iwaambie wazazi, kwa lugha nyepesi, watoto wanasoma nini muhula huu na nyumbani waulizwe nini; vikao viwekwe katika saa ambazo mchuuzi na mkulima waweza kuhudhuria; na mzazi asiyejua kusoma aelezwe ripoti kwa mdomo, faraghani, bila kufedheheshwa. Mzazi naye, akipata nafasi ya kusema na mwalimu, asiulize tu mwanangu amekuwa wa ngapi, swali ambalo jibu lake halimsaidii mtu, bali aulize ni kitu gani hasa mtoto hajakielewa, na nyumbani tufanyeje.

Najua wako wazazi ambao jioni yao ni kazi, walinzi wa usiku, mama lishe, madereva na wavuvi, wanaotoka watoto wakirudi. Kwa hao kazi hii ina manaibu: bibi, shangazi, kaka aliye kidato cha juu, hata jirani mstaafu apendaye kusikiliza. Mzazi abaki na sehemu yake ya siku ya mapumziko, naye akiisha kutajiwa habari za mtoto na amwambie, “Bibi yako kaniambia umesoma juu ya popo, nieleze na mimi,” ili mtoto ajue kwamba habari za masomo yake hufika.

Anayetaka kuanza asingoje muhula mpya wala fedha za vitabu. Leo jioni amwite mwanawe, amwombe asome ukurasa mmoja kwa sauti, kisha amwulize kwa nini mambo yalikwenda vile. Jibu likiwa kimya, amngojee. Mara ya kwanza kimya hicho kitakuwa kirefu, na mara ya pili pia, maana mtoto hajazoea kuulizwa na mtu anayengoja jibu. Siku atakapoanza kujibu atajibu kwa maneno yake mwenyewe, na huko kujibu kwa maneno yake mwenyewe ndiko mwanzo wa elimu iliyo mali yake.